Taji lilimfungulia mlango, kazi ikamweka ndani

Juma hili tuna mgeni kutoka Bara Hindi, ingawa kwa watu wa Mji wa Kale hapa Mombasa si mgeni sana. Ni Juhi Chawla. Kwa Kihindi, juhi ni ua la jamii ya asumini, ndugu wa lile ambalo kina mama wa Kibokoni na Kuze hulitunga na kulivaa siku ya harusi.

Picha za Kihindi zina mizizi mirefu katika mitaa hii. Wazee wanayakumbuka majumba ya sinema kama Regal na Naaz, na baadaye kanda za video zilizokodishwa na kupitishwa nyumba kwa nyumba hadi zikakwaruzika. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia sifa kubwa kwa taarab zenye mahadhi ya nyimbo za filamu hizo. Kwa hivyo binti wa huku akisema anataka kuwa kama nyota fulani wa Bombay, usishangae, ndugu msomaji. Jambo la kumwuliza ni hili: je, unajua nyota huyo alifikaje pale?

Wengi watajibu upesi kwamba ni uzuri. Kweli, Juhi, aliyezaliwa mwaka 1967, alivikwa taji la Miss India mwaka 1984. Mwaka huo huo alikwenda Miami, Marekani, kushindania taji la Miss Universe. Hakulipata, lakini alirudi na tuzo ya vazi bora la taifa.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Filamu yake ya kwanza, Sultanat, ilitoka mwaka 1986, na usultani huo haukudumu. Filamu haikufua dafu, na taji la urembo halikuweza kuiokoa. Ilimbidi asubiri hadi mwaka 1988, alipoigiza na Aamir Khan katika Qayamat Se Qayamat Tak. Neno hilo qayamat ni kiyama chetu kile kile, na kisa ni cha vijana wawili wanaopendana huku jamaa zao ni mahasimu. Filamu hiyo ndiyo iliyomfanya Juhi ajulikane kila mahali.

Baada ya hapo hakulala. Alipata sifa kwa uchekeshaji, jambo ambalo warembo wengi hulikwepa kwa kuogopa kuharibu sura. Mwaka 1993 aliigiza katika Darr pamoja na Shah Rukh Khan, na mwaka huo huo katika Hum Hain Rahi Pyar Ke, iliyompatia tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike. Hesabu mwenyewe: ni miaka tisa tangu avikwe taji.

Mwaka 1995 aliolewa na Jay Mehta, na hapa habari yenyewe inaingia Afrika Mashariki. Babu yake Jay, Nanji Kalidas Mehta, alitoka Gujarat akiwa kijana mdogo, akavuka bahari na kufanya biashara Uganda, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia na jamaa hiyo ikapoteza mali yake. Amin alipoangushwa mwaka 1979, ilirudi na kukifufua kiwanda kile.

Lakini harusi hiyo haikutangazwa, na kwa miaka kadhaa mashabiki hawakujua. Juhi mwenyewe alieleza baadaye kwamba alihofia kupoteza kazi, kwa kuwa ndipo tu alipokuwa amesimama vizuri. Hebu tafakari, msomaji. Shah Rukh Khan alioa mwaka 1991, akatoa filamu yake ya kwanza mwaka uliofuata, na hakuna aliyemwambia kwamba mke atamharibia jina. Mwanamke mwenye tuzo mkononi ndiye aliyelazimika kuficha ndoa kama mtu aficha deni.

Tusiwacheke Wahindi kwa hilo. Hata kwetu, ni mabinti wangapi hodari shuleni ambao vitabu vyao hufungwa siku posa inapopokewa? Ni waume wangapi huona kazi ya mke kuwa ni mchezo wa ujana uliokwisha?

Juhi hakukubali uwe umekwisha. Mwaka 1999 alianzisha kampuni ya filamu pamoja na Shah Rukh Khan na mwongozaji Aziz Mirza. Alizaa watoto wawili, kisha akarudi kuigiza, safari hii kama mama, dada na hata mwovu: katika Gulaab Gang ya mwaka 2014 ni mwanasiasa katili. Mwaka 2008 yeye, mumewe na Shah Rukh Khan waliingia katika umiliki wa timu ya kriketi ya Kolkata Knight Riders, iliyotwaa ubingwa wa ligi ya India mwaka 2012, 2014 na 2024. Orodha ya matajiri wa India ya Hurun ya mwaka 2024 ilimtaja yeye na jamaa yake miongoni mwa matajiri wakubwa wa ulimwengu wa filamu.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wewe mwanafunzi unayejitazama kwenye kioo, jiulize utaweka nini ndani ya mkakasi wako. Nanyi wazazi, si lazima mpende mashindano ya urembo, na wengi wa Mji wa Kale hawayapendi, wana haki yao. Lakini binti akiwa na kipawa, kiwe cha hesabu, ushoni au utunzi, msikizime kwa sababu ameolewa. Zungumzeni na wachumba mapema, kabla ya mahari kupokewa, ili asije akaficha kazi kwa mume au mume kwa kazi.