Mstari Mwekundu wa Asubuhi

Kwa miaka 8 kalamu nyekundu ilikaa katika mfuko wa shati langu. Nilikuwa msimamizi wa zamu katika duka kubwa la vyakula hapa Dar es Salaam, na ilipotimu saa mbili kamili asubuhi nilifungua daftari la mahudhurio, nikapiga mstari chini ya saini ya mwisho. Waliowahi walikaa juu ya mstari. Waliochelewa walisaini chini yake, na mwisho wa mwezi majina yao niliyapeleka kwa mhasibu wakatwe. Walikuwamo watu wa Chanika na Mbagala walioamka saa kumi alfajiri, daladala zikawapita zimejaa, wakafika saa mbili na dakika nne huku jasho likiwatiririka. Mstari ulikuwa umekwisha kupigwa.

Jioni kalamu ile haikutoka mfukoni. Hilo ndilo lililonifanya niombe nafasi katika ukurasa huu, ndugu msomaji, kwa sababu leo mashine za kusoma alama za vidole zimechukua kazi niliyokuwa nikiifanya, na kosa langu zimelirithi.

Zamu ya pili iliingia saa sita na nusu mchana ikatoka saa tatu usiku. Ukitoa saa moja ya chakula, kwa siku 6 za wiki unapata saa 45 barabara, na hapo ndipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipoweka kikomo cha saa za kawaida. Saa tatu ikifika, mlinzi alifunga mlango wa mbele, na karani alikuwa amekwisha kuwaandika wote kuwa wametoka. Lakini nani alikuwa ametoka? Keshia ndiyo kwanza anatoa ripoti ya mauzo ya siku kwenye mashine ya risiti, anamwaga sarafu mezani, anazipanga mafungu mafungu, anahesabu noti mara ya pili kwa kuwa akipungukiwa shilingi 500 zitatoka kwenye mshahara wake. Wahudumu wanarudisha rafuni bidhaa zilizoachwa na wateja. Mpiga deki ndipo anapoanza kazi yake ngumu kuliko zote, maana sakafu haipigwi deki watu wakipita. Kisha foleni ya kukaguliwa mikoba, mmoja mmoja. Mlango wa nyuma ulifunguka saa tatu na dakika ishirini na tano, usiku mwingine saa tatu na nusu, na kituoni magari yameanza kuadimika.

Hebu piga hesabu pamoja nami. Dakika 25 kwa siku 6 ni saa 2 na nusu kwa wiki. Kwa wiki 52 ni saa 130, yaani karibu wiki 3 nzima za kazi. Kila mwaka kila mmoja wa zamu ya pili alilifanyia duka kazi ya karibu wiki 3 bila senti, nami nikamkata mwenzake wa asubuhi kwa dakika 4 za foleni ya barabarani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilijaa kweli, ila kilikuwa cha mwenye duka.

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge enzi za ukoloni waliijua kadi iliyoitwa kipande: siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama yake. Usipomaliza kazi uliyopimiwa, siku yako haikuandikwa, hata kama jua la kutwa limekuwakia mgongoni. Kule Kenya jina hilo hilo lilikuwa la cheti chenye alama za vidole, ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kote kuwili, aliyehesabiwa hakuishika kalamu.

Mashine ya saa za kazi nayo ina umri wake. Willard Bundy, sonara wa Auburn katika jimbo la New York, aliibuni ya kwake mwaka 1888, na kampuni iliyoziunda mashine hizo iliungana na nyingine hadi ikazaliwa ile iliyojiita IBM mwaka 1924. Sina ugomvi na chombo. Daftari langu lilisahau, lilichafuka, liliruhusu mtu kumsainia rafiki yake aliye bado Gongo la Mboto. Mashine ya vidole haifanyi hivyo. Ugomvi wangu ni na mtu anayeamua dole lipigwe wapi na lini.

Huko California mfanyakazi mmoja wa mikahawa ya Starbucks alilipeleka mahakamani jambo hili la dakika zisizolipwa. Kila usiku, akiwa amekwisha kujiandika kuwa ametoka, alituma hesabu za mauzo kwa kompyuta, akatega king'ora, akafunga mlango, akawasindikiza wenzake hadi kwenye magari yao. Zilikuwa dakika 4 hadi 10 tu. Kwa miezi 17 zikafika saa 12 na dakika 50, ujira wa dola 102.67. Kampuni ilidai kuwa dakika hizo ni ndogo mno kuhesabiwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikataa, ikaeleza kuwa kwa mtu wa ujira wa saa fedha hiyo ni chakula cha wiki, au nauli ya basi ya mwezi.

Sheria yetu nayo haikunyamaza. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Kazi ya kuanzia saa mbili usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Na mshahara haukatwi kwa kalamu ya msimamizi: ama sheria au amri halali iwe imeyaagiza au kuyaruhusu makato hayo, ama mfanyakazi awe ameyakubali kwa maandishi. Kwa miaka yangu yote 8 sikuona karatasi ya namna hiyo, wala sikuiulizia, na hilo linanichoma hadi leo.

Najua mwenye duka atasema faida ni ndogo, hawezi kulipa dakika zote hizo. Basi na azipunguze. Mteja wa mwisho aingie saa mbili na nusu, droo zianze kufungwa kwa zamu moja baada ya nyingine, mikoba ikaguliwe na walinzi wawili. Muda usio na bei hautunzwi na mtu. Siku duka litakapoanza kuulipia, utaona foleni ya mlangoni inavyoyeyuka.

Nanyi ndugu zangu wafanyakazi, msikubali kupiga dole la kutoka halafu mkarudi kuhesabu fedha. Mkifanya hivyo mnaandika uongo kwa kidole chenu wenyewe, na siku mtakapofika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, uongo huo ndio utakaosomwa. Na wahini kazini. Anayechelewa humwacha mwenzake aliyesimama tangu asubuhi bila wa kumpokea.

Juzi niliingia duka moja mapema, nikamwona mama mpiga deki mbele ya mashine. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa dawa za sakafu. Akaweka dole, mashine ikakataa. Akalifuta kwenye kitenge, ikakataa. Alijaribu cha shahada, kisha cha kushoto, huku nyuma yake watu wakihimizana. Ilipomkubali, aliandikwa amechelewa dakika 6. Nilikuwa nimesimama pale, nimemwona akiwahi.

Nawaomba, wenye maduka: wekeni daftari kando ya mashine kwa ajili ya vidole kama vile. Kisha ile mashine iondoeni karibu na stoo, mkaitundike kwenye mlango wa kutokea, mara baada ya kumpita mlinzi anayekagua mikoba, ili dole la mwisho lipigwe mtu akiwa na mkoba begani na uso umeelekea kituoni. Dakika itakayosomeka hapo, ilipeni.