Uvira: mashini ya bahari si ya ziwa Tanganyika, na anayeiuza anajua

UVIRA, Kivu ya Kusini – Kwenye simu za vijana kunapita matangazo ya mashini za kutafuta zahabu na feza chini ya mchanga. Picha ni za bahari: mzungu amesimama ndani ya maji hadi magotini, anainua pete. Muuzaji anaongeza ya kwake, kwamba mwenye mashini hiyo hatalala njaa kwenye ufuko wa kuanzia Kalundu hadi Kilomoni. Ni uongo, na mara nyingi anayelipa ni muhami aliyekwisha poteza nyumba.

Kwanza, maji. Bahari ina chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme sana. Mashini ya kawaida ikiingia humo inalia ovyo. Ndiyo maana watu wa bahari wananunua zile za bei kali, zinazotuma umeme kwa mapigo ama kutumia mawimbi mengi kwa pamoja. Tanganyika ni maji baridi. Mtu wa Uvira anayelipia dawa ya chumvi amenunua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Tena dawa yenyewe inamdhuru. Mashini nyingi za mapigo hazitofautishi vizuri msumari na pete, zote zinalia. Na ufuko wa Uvira umejaa misumari! Ziwa lilipanda, likaingia ndani ya nyumba za watu, na mabati, misumari na vyuma vya madirisha vimebaki mchangani. Kijana atachimba tangu asubuhi, jioni atarudi na kutu.

Anayeitaka kweli achague ya kawaida yenye uwezo wa kutenga chuma. Halafu aulize swali ambalo wauzaji wanalikimbia: je, ni sahani ya chini tu ndiyo haiogopi maji, ama hata kisanduku cha juu chenye batri? Kwa nyingi za bei rahisi ni sahani tu. Wimbi moja likipiga kisanduku, pesa imekwenda. Na asilipe kabla ya kufukia pete na msumari kwenye mchanga wa ufukoni na kusikiliza. Pete ikifika sentimeta 30 chini, mashini nyingi hazitaisikia.

Wanaoahidi mita kumi, kwa kifaa chenye antena inayojigeuza mkononi, hao hawastahili hata kusikilizwa. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya namna hiyo, akidai vinanusa mabomu. Iraki ilinunua kwa wingi. Havikuwa na kazi yoyote.

Zahabu je? Ile inayookotwa mitoni ni vumbi na punje ndogo. Wachimbaji wanaiosha kwa karai, kwa sababu mashini hizi hazisikii vumbi. Muuzaji anayetaja Misisi na Kamituga ili kuuza mashini ya ufukoni anacheza na njaa ya watu.

Wanaotetea biashara hii wanasema afazali kijana afanye kitu kuliko kukaa. Ni kweli kazi hakuna. Lakini kumkopesha mtu mamia ya dola kwa chombo kisichofaa si kumpa kazi, ni kumpa deni. Pesa hiyo ingetosha kuanza na nyavu, ama kuuza ndakala. Na sufuria ama kufuli inayotoka kwenye kuta zilizozama ina mwenyewe. Pengine mwenyewe yuko kambini, anangoja maji yashuke.

Jambo zito kuliko yote halimo katika tangazo hata moja. Vita vimepita katika eneo hili. Mashini inalia kwa grenadi sawasawa na inavyolia kwa bakuli, na anayechimba kwa jembe hajui anapiga nini. Watu wa kutegua mabomu wanafundishwa kwanza ndipo wanashika vyombo vyao. Kijana wa ufukoni anapewa mashini na neno la bahati njema. Muuzaji asiyesema hilo akishika pesa amemtuma mtoto wa mwenzake kwenye hatari. Kwa yule aliyekwisha nunua: mahali palipopigwa vita asichimbe hata kama mashini inalia, na akiona kitu kinachofanana na bomu asikiguse, aweke alama kwa mbali, awazuie watoto, na kumwita kiongozi wa mtaa.