Vassilis Spanoulis na Barua ya Uteuzi

Mei 2012, jijini Istanbul, Olympiacos ya Piraeus ilikuwa nyuma ya CSKA Moscow kwa pointi 19 katika fainali ya EuroLeague, mashindano makubwa kuliko yote ya vilabu vya mpira wa kikapu barani Ulaya. Ugiriki ilikuwa katikati ya mzozo wa madeni. Klabu ilikuwa imepunguza matumizi na kubaki na vijana wengi. Ikajikokota, ikakaribia, hadi zikabaki sekunde chache na tofauti ya pointi moja. Kila aliyekuwa ukumbini alijua mpira utakwenda kwa nani. Vassilis Spanoulis aliuchukua, akapenya, walinzi wakamfuata yeye. Naye akampa mwenzake, Georgios Printezis, aliyeurusha kwa mkono mmoja na kuipa timu ushindi wa 62 kwa 61.

Mwaka uliofuata, jijini London, Spanoulis alifanya kinyume chake. Nusu ya kwanza ya fainali dhidi ya Real Madrid hakufunga hata pointi moja. Nusu ya pili alifunga 22, na Olympiacos ikatetea ubingwa wake kwa 100 dhidi ya 88.

Nazitaja fainali hizi mbili kwa sababu zinaonyesha vipaji viwili tofauti ambavyo sisi, katika ofisi na vyuo vyetu, tumezoea kuvihesabu kuwa kimoja: kipaji cha kufanya kazi, na kipaji cha kumwezesha mwingine aifanye.

Kuhusu cha kwanza, Spanoulis hakuwa na deni kwa mtu. Mwaka 2005 alikuwa katika timu ya Ugiriki iliyotwaa ubingwa wa Ulaya. Mwaka 2006, huko Saitama nchini Japani, aliifunga Marekani ya LeBron James pointi 22 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na Ugiriki ikashinda 101 kwa 95. Msimu uliofuata alikwenda Houston, akacheza michezo 31 tu, muda mwingi akiwa benchi, kisha akarudi nyumbani. Alitwaa EuroLeague mara tatu, moja akiwa Panathinaikos na mbili akiwa Olympiacos, na mara zote tatu akatajwa mchezaji bora wa michezo ya mwisho. Aliacha kucheza mwaka 2021.

Lililonivutia ni alikokwenda baada ya hapo. Mwaka 2022 alianza ukocha Peristeri, klabu ya kitongoji cha magharibi mwa Athens ambayo haikuwa hata ikishiriki EuroLeague. Sitaki kumfanya mtakatifu: bila jina lake asingepewa nafasi ya kocha mkuu siku ya kwanza, na wako makocha wengi waliobeba mafaili ya wengine miaka kumi kabla ya kufika hapo. Jina lilimfungulia mlango. Lakini mlango wenyewe ulikuwa wa nyumba ndogo, na ndani yake alikaa misimu miwili akifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Mwaka 2024 klabu hiyo ilifika hatua ya timu nne za mwisho za Ligi ya Mabingwa ya mpira wa kikapu, huko Belgrade.

Miaka michache iliyopita mimi nilipokea barua ya uteuzi kuwa mkuu wa idara. Barua ilitaja shahada yangu ya uzamivu na makala nilizochapisha. Hakuna aliyeniuliza kama niliwahi kuongoza kikao, kupanga ratiba, au kuwapatanisha wahadhiri wawili wasiosalimiana. Nami sikuuliza, nilifurahi na kuwapigia simu wazee nyumbani.

Msimu wa kwanza wa mitihani nilikuta usahihishaji wa wenzangu haunipendezi. Badala ya kukaa nao, nikaanza kurudia kazi yao usiku, karatasi moja baada ya nyingine, nikijiona mchapakazi. Matokeo yalichelewa wiki saba. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuja mlangoni na matangazo ya ajira ambayo siku zake za mwisho zilikuwa zimepita. Mmoja hakulalamika hata kidogo; alinionyesha tangazo, akalikunja, akaondoka. Nilikuwa kocha aliyevua koti na kuingia uwanjani, huku timu yake imekaa benchi ikimtazama.

Najua si mimi peke yangu. Daktari mpasuaji hodari hupewa hospitali aiendeshe, na mwalimu anayependwa na darasa huhamishiwa ofisi ya mwalimu mkuu. Hapo tunapoteza mara mbili: mgonjwa anampoteza mpasuaji, na hospitali inapata msimamizi aliyeanza kujifunza siku ya kuripoti. Tusiwalaumu wanaokubali. Kwetu mshahara, gari na heshima vimepangwa kwenye ngazi ya utawala peke yake, na anayebaki darasani hadi kustaafu huulizwa alikosea wapi.

Wagiriki wenyewe wana mfano mzuri katika jambo hili. Timu yao iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1987 ilikuwa na nyota wawili, Nikos Galis na Panagiotis Giannakis. Giannakis akawa kocha, na ndiye aliyeiongoza Ugiriki mwaka 2005, Spanoulis akiwa mmoja wa vijana wake. Galis hakushika njia hiyo. Hakuna aliyemhesabu kuwa ameshindwa. Ukumbi mkuu wa michezo ya ndani wa Athens ulipewa jina lake. Na Georgios Bartzokas, aliyekuwa mchezaji wa kawaida wa Maroussi, ndiye kocha wa kwanza Mgiriki kutwaa EuroLeague. Ni yeye aliyemfundisha Spanoulis katika ile fainali ya London.

Wawili hao walikutana tena Mei 2025 jijini Abu Dhabi, safari hii kila mmoja kwenye benchi lake. Spanoulis, aliyepewa timu ya Monaco miezi michache nyuma, aliifunga Olympiacos ya Bartzokas 78 kwa 68 katika nusu fainali, kisha akapoteza fainali mbele ya Fenerbahçe. Septemba ya mwaka huohuo, akiwa kocha wa taifa, alipigwa na Uturuki 94 kwa 68 katika nusu fainali ya ubingwa wa Ulaya huko Riga. Siku mbili baadaye aliwainua wachezaji walewale, Giannis Antetokounmpo akiwa mbele yao, wakaifunga Ufini 92 kwa 89. Ilikuwa medali ya kwanza ya Ugiriki katika mashindano hayo tangu 2009, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa uwanjani. Safari hii hakugusa mpira.

Muhula wangu wa ukuu wa idara uliisha mwaka jana. Aliyechaguliwa baada yangu ndiye mtafiti bora tuliye naye. Makabidhiano yetu yalichukua dakika ishirini: nilimpa funguo tatu, muhuri, na faili la bajeti. Aliuliza kama kuna mafunzo yoyote kabla ya kuanza. Nikamwambia mitihani inaanza Jumatatu.