Unayemeza ARV, taja na kidonge cha kiungulia



Mwezi wa Shaaban ukiingia, maswali ninayoulizwa hapa Mabira hubadilika. Wanaoumwa kisukari huuliza kuhusu futari, wajawazito huuliza kuhusu saumu, na wapo wanaosubiri watu watoke ndipo wafunge mlango na kuuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, mtu anayemeza zile dawa za kila siku, afunge au asifunge?" Ni swali zuri na nitaligusa. Lakini lipo swali jingine ambalo karibu hakuna anayeniuliza: dawa hii nikimeza, nisiichanganye na nini?

Maoni yangu ni haya. Katika majumba yetu ya Kiislamu wapo watu wanaodhaniwa wametupa ARV, kumbe wanazimeza kila siku bila kukosa, ila wanazimeza pamoja na kitu kinachozizuia kufanya kazi. Kitu hicho hawakitaji, ama kwa sababu hawakihesabu kuwa ni dawa, ama kwa sababu wamezoea kuficha kila kitu. Na lawama ya hilo si ya mgonjwa peke yake. Ni yetu sisi matabibu, wauza dawa na jamaa zake pia.

Kisa cha mama mmoja

Nitaeleza kosa langu mwenyewe. Mama mmoja mtu mzima, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja, alikuwa anahudhuria kliniki kwa miaka. Hakuwahi kukosa tarehe. Wingi wa virusi katika damu yake ulikuwa chini kabisa. Mwaka mmoja kipimo kikarudi kikiwa kimepanda na kuvuka nakala 1,000. Nikahesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, hesabu ikawa sawa. Badala ya kujiuliza, nikamshuku. Nikamwambia, "Mama, usitufiche, vidonge unavitupa." Akanijibu, "Mwanangu, mimi ni mtu wa kuswali. Nikikwambia nameza, nameza."

Tukamwekea vikao vya ushauri, kimoja kila mwezi. Kikao cha tatu, alipokuwa anafungua pindo la kanga atoe nauli ya bodaboda, kikadondoka kipande cha vidonge vyeupe vya kutafuna, vile vyenye ladha ya mnanaa. Nikauliza, "Na hivi je?" Akasema, "Hivyo si dawa, ni vya kiungulia tu." Kumbe kila usiku baada ya chakula alikuwa anatafuna viwili, na papo hapo anameza ARV kwa maji yale yale, ili asisahau.

Hatukubadilisha dawa yake. Tulitenganisha saa tu, na kipimo kilichofuata kikashuka. Mimi nikamwomba radhi. Kwa miezi mitatu nilimwita mwongo mtu aliyekuwa mkweli, kwa sababu swali langu lilikuwa "unameza?" na halikuwa "unameza na nini?"

Kinachotokea tumboni

Tangu mwaka 2019 nchi yetu ilipoanza kuwahamishia wagonjwa kwenye kidonge kinachojulikana kama TLD, watu wazima wengi wanaotumia ARV wanameza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Ni dawa nzuri, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Ina nguvu, na madhara yake ni machache kuliko zilizotangulia.

Lakini hiyo ya tatu, dolutegravir, ina udhaifu mmoja. Ikikutana tumboni na madini fulani, hushikana nayo kama sabuni inavyoshikana na maji ya chumvi ikakataa kutoa povu. Dawa iliyoshikwa haiingii katika damu, inapita na kutoka na choo. Madini hayo ni magnesiamu na aluminiamu, ambayo ndiyo yamo katika vidonge na maji mazito ya kiungulia, pamoja na madini ya chuma, kalsiamu na zinki. Uchunguzi umeonyesha kuwa ukimeza dolutegravir kwa wakati mmoja na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na aluminiamu, karibu robo tatu ya dawa haifiki katika damu. Kirusi kikiona dawa kidogo kila siku hakifi, bali kinajifunza kuizoea. Hapo ndipo usugu unapoanzia.

Kwa hiyo shika kanuni hii. Dawa ya kiungulia ya kutafuna au ya maji: meza kwanza dolutegravir, kisha subiri angalau saa 2 ndipo utafune. Ukitangulia kutafuna, basi subiri saa 6 ndipo umeze dolutegravir. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, na vile vya kalsiamu, vinaweza kumezwa pamoja na dolutegravir ikiwa ni pamoja na chakula. Tumbo likiwa tupu, fuata saa zile zile, mbili kabla au sita baada.

Wakazi wa huku mpakani hununua dawa hata ng'ambo ya mto Kagera, wakivuka Murongo kwenda Kikagati. Sanduku limeandikwa kwa Kiingereza na muuzaji hakujui. Mwambie kijana wako anayesoma akutazamie kama kuna neno linaloanza na "magn", "alum", "calc", "ferr" au "zinc". Ukiliona mojawapo, usiimeze pamoja na ARV kabla ya kuuliza.

Dawa nyingine za kutaja

Kiungulia nimekitanguliza kwa sababu ndicho kinachodharauliwa. Zipo nyingine.

Ya kwanza ni dawa ya kifua kikuu. Rifampisini iliyomo katika vidonge vya TB huharakisha mwili kuitoa dolutegravir. Ndiyo maana mgonjwa wa TB anaongezewa dolutegravir nyingine saa 12 baada ya ile ya kwanza. Wapo wanaoiacha nyongeza hiyo wakidhani ni makosa ya karani. Si makosa, na haiachwi hata siku TB inapokwisha mpaka mtoa huduma aseme.

Ya pili ni dawa za kifafa. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini nazo huipunguza dolutegravir. Asiache mtu dawa ya kifafa kwa kusoma makala hii, maana degedege huweza kuua. Ataje, apangiwe.

Ya tatu ni metformini ya kisukari. Hapa mambo ni kinyume: dolutegravir huifanya metformini irundikane mwilini. Kwa kawaida anayetumia zote mbili hapaswi kuzidisha miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Mzee anayehudhuria kliniki ya kisukari hospitali moja na kuchukua ARV kituo kingine kwa kukwepa macho ya majirani, ndiye ninayemwogopea zaidi. Kila daktari anaona nusu yake.

Ya nne ni dawa kali za maumivu kama diklofenaki. Tenofovir inapitia kwenye figo, na diklofenaki ikitumiwa kwa wingi au kwa siku nyingi huzibana figo hizo hizo. Mkulima wa ndizi na kahawa anayeumwa mgongo asiifanye kuwa peremende. Parasetamoli kwa kipimo chake ni afadhali.

Lipo na la kuwatoa hofu. Dawa ya mseto ya malaria haina ugomvi na dolutegravir. Omeprazo, ambayo nayo hutuliza tumbo, haina ugomvi nayo pia. Lakini angalia hatari ya kuazimana: mwenzako aliyehamishiwa dawa za daraja la pili zenye atazanavir, omeprazo hiyo hiyo inaweza kumharibia dawa yake. Kilichomfaa jirani si lazima kikufae wewe.

Na miti shamba? Huku kwetu mubirizi hauko mbali na jiko, na habbat soda haikosekani katika nyumba ya Muislamu. Simkatazi mtu kutafuta tiba aliyoikuta kwa wazee wake. Ila habbat soda inaweza kushusha sukari na shinikizo la damu, na anayemeza dawa za magonjwa hayo anapaswa kusema kuwa anaitumia. Na dawa ya unga isiyo na jina, inayouzwa kwa madai ya "kusafisha damu", ikatae. Usiloweza kulitaja jina lake, tabibu hawezi kukulinda nalo.

Ramadhani na saa za dawa

Sasa turudi kwenye saumu. Mgonjwa amepewa ruhusa na dini yake, na kuitumia ruhusa hiyo si upungufu wa imani. Aliyeanza ARV juzi na bado hajatulia, anayetibiwa TB, mjamzito aliyedhoofika na mwenye kisukari kisichotulia, hao wamuone mtoa huduma kabla ya mwezi kuandama. Anayemeza dolutegravir mara mbili kwa siku aelewe kuwa kati ya futari na daku hazifiki saa 12, hivyo asijipangie mwenyewe.

Lakini mwenye afya njema, ambaye virusi vyake vimelala na anameza kidonge kimoja kwa siku, wengi wao hufunga salama. Hatari yao imo usiku. Usiku wa Ramadhani ni mfupi na umejaa: futari yenye vitu vya kukaanga, kiungulia kinapanda, vidonge vya kutafuna vinatoka mfukoni. Mchana mtu hamezi kitu, basi kila kidonge alichonacho anakisukumia usiku, na mara nyingi kwa mkupuo mmoja.

Ushauri wangu, uuthibitishe na kliniki yako, ni kumeza dolutegravir wakati wa futari. Huku kwetu jua linatua yapata saa moja. Kiungulia kikikushika, vumilia mpaka saa tatu imepita, baada ya tarawehe, ndipo utafune. Aliyezoea kumeza daku, mathalani saa kumi alfajiri, dawa ya kiungulia asiitumie baada ya saa nne usiku. Bora zaidi, punguza vya kukaanga, na usilale papo hapo baada ya kula. Kiungulia kisichokwisha ni ugonjwa wa kupimwa.

Siri ina mipaka yake

Wapo watakaosema: "Unatutaka tujitangaze kwenye maduka ya dawa?" Naielewa hofu hiyo. Mkoa wetu wa Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walipotambuliwa mwaka 1983. Wazee wetu wanakumbuka ulivyoitwa Juliana, na jinsi nyumba zilivyofungwa milango. Dawa za bure zilianza kutolewa mwaka 2004, lakini aibu haikuondoka na ugonjwa.

Sisemi mtu ajitangaze. Kumsitiri Muislamu mwenzako ni wajibu, na sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inamlazimu mtoa huduma kutunza siri. Lakini kusitiriwa ni kitu kimoja, na kumficha tabibu kinachoingia tumboni mwako ni kitu kingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Pale dukani huna haja ya kutaja ugonjwa. Sema tu: "Nina dawa ya kila siku isiyopatana na magnesiamu. Nipe ambayo haina." Inatosha.

Nanyi wauza maduka ya dawa muhimu, ulizeni kila mteja, si mnayemshuku: "Kuna dawa nyingine unayotumia?" Ukiuliza wote, hakuna anayeaibika. Maimamu wetu, ijumaa moja ya Shaaban iwe ya kuwakumbusha wagonjwa wote waende kliniki na mfuko wenye kila wanachomeza, cha hospitali, cha dukani na cha shambani. Akina baba, mke akiwa na kopo la dawa, usilifanye kuwa kesi ya nyumba. Anayemeza kwa kujificha gizani humeza haraka haraka, pamoja na chochote kilicho karibu.

Nasi matabibu tumwogope Mungu. Kipimo kikipanda, tusianze na shutuma. Tuanze na kuuliza, na tuuliza mpaka kwenye pindo la kanga.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, na atusitiri duniani na akhera. Amin.