Thamani ya Binti Katika Hadithi za Mapenzi ya Krismasi

Desemba inapowadia, mtaa wetu wa Magogoni, hapa Kisauni, hubadilika sura. Mabasi ya bara huteremsha wageni, kwaya hufanya mazoezi hadi usiku, na mabinti wa makanisani huazimana vitabu. Aghalabu vitabu hivyo ni riwaya za mapenzi za Kikristo kutoka ng'ambo, zilizonunuliwa kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu. Kisa chake chafahamika: msichana aliyevunjika moyo hurudi kwao kwa sikukuu, hukutana na kijana mcha Mungu, imani yake iliyofifia huhuika, na Krismasi haipiti kabla hajavishwa pete.

Wapo wasomi wanaozibeza kazi hizi. Mimi si miongoni mwao. Fani hii ina historia ndefu. Mmarekani Grace Livingston Hill, aliyefariki 1947, aliandika riwaya za namna hii kwa miongo kadhaa. Janette Oke wa Kanada alichapisha Love Comes Softly mwaka 1979. Mwaka 1997 kampuni ya Harlequin, iliyovuma kwa hadithi za mahaba ya kidunia, ilianzisha mfululizo wa Kikristo uitwao Love Inspired. Humo msomaji hukutana na mahaba yasiyo na uchafu, na wanaume wanaojua kuomba radhi. Kwa binti arejeaye nyumbani jioni amebanwa ndani ya matatu, hiyo si burudani ya kudharauliwa.

Hata hivyo, kazi yangu ni kuchunguza maneno, na hadithi hizi zimeinjikwa juu ya mafiga matatu: imani, mapenzi na thamani. Katika Kiswahili, kila moja ya maneno haya lina sura mbili.

Imani ni itikadi ya dini, lakini pia ni huruma. Tunaposema fulani hana imani, mara nyingi tunamaanisha kuwa ni katili, hata kama hakosi ibada. Riwaya hizi humpima kijana kwa maana ya kwanza: je, husali? Ni nadra kumpima kwa ile ya pili.

Mapenzi nayo yanatokana na kupenda, kitenzi chenye maana ya kuwa na mahaba na vilevile kutaka. Ndiyo maana mapenzi ya Mungu ni yale atakayo Mungu. Hapa pana mtego. Kijana akimwambia binti kuwa kuoana kwao ni mapenzi ya Mungu, binti atakataaje? Akimkataa kijana, ataonekana amemkataa Muumba wake.

Neno thamani tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni bei. Sisi tumelipanua likabeba pia hadhi ya mtu. Lakini soko halijatutoka vinywani. Hata wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Riwaya za Krismasi huanza vyema kwa kumfunza msichana kwamba thamani yake yatoka kwa Mungu. Kisha ukurasa wa mwisho huleta pete mithili ya risiti. Ikiwa thamani ilikuwapo tangu awali, mbona hadithi haiwezi kwisha bila mnunuzi?

Mwalimu mmoja wa chekechea hapa mtaani, mwenye umri wa miaka 31, aliniambia: "Kila nimalizapo kitabu, naona Mungu amewajibu wote isipokuwa mimi." Kitabu kilichoandikwa ili kumfariji kimemwongezea shaka. Na sikukuu ikifika, mashangazi humkamilishia: "Mwanangu, wa kwako yu wapi?"

Fasihi yetu ilikwisha kuligusa jeraha hili. Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, inamhusu binti aliyepewa jina la sifa ya Bikira Maria. Mchumba wake anamwacha kwa kuwa si bikira, naye anajiua. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Si hadithi ya sikukuu, wala simtakii msomaji huzuni yake. Lakini kinauliza swali ambalo riwaya za Krismasi hulikwepa: yule asiyechaguliwa ana thamani gani?

Jibu li jirani yetu. Frere Town ilianzishwa mnamo 1875 na wamishenari wa CMS kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele yake ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. James Mbotela alisimulia habari za watu hao katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa 1934. Hao ndio waliojua thamani kwa maana ya bei, maana walinunuliwa na kuuzwa. Uhuru wao ulikuwa ni kuvuka kutoka maana moja ya neno hilo hadi nyingine. Aliyeteremshwa jahazini hakungoja kuchumbiwa ndipo ahesabiwe kuwa mtu.

Huenda nikaambiwa kwamba hadithi ni hadithi tu, na kwamba mtu ana haki ya kuota. Naam, na aote. Ila ndoto isomwayo kila mwaka hugeuka kipimo, na kipimo kibovu humpunja mtu.

Kwa hiyo nawasihi waandishi na wachapishaji wetu: tupeni hadithi za Krismasi za Kiswahili, zenye kivuko cha Likoni, kwaya na pilau, na mahaba yakiwamo. Waacheni baadhi ya mashujaa wake wa kike waifikie tarehe 26 Desemba bila pete, lakini wakiwa na furaha, kazi na heshima zao. Nanyi mashangazi, mwaka huu muulizeni binti habari za kazi yake kwanza.