Siga ya Cuba kwenye arobaini ya mtoto? Hapana, jamani

1/6

Nimetoka zamu, miguu inawaka moto, lakini silali mpaka niandike hili. Nimegawa vipande sita ili usome huku unanyonyesha.

Mama mmoja kaniuliza: mume wake kaletewa boksi la siga kutoka safari, zile nene za kahawia, za Cuba. Anataka kuzigawa kwa wanaume siku ya arobaini ya mtoto, kama anavyoona kwenye filamu za Wamarekani. Mama anauliza, "Nesi, hizi si za heshima? Si kama sigara za dukani?"

Nimeona nisimjibu peke yake, maana najua nyumba nyingi zina swali hilohilo.

2/6

Tuanze kwa haki, nisije nikaambiwa nesi ana chuki.

Sifa ya siga hizi haikutoka hewani. Tumbaku yake bora inalimwa Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa Cuba. Majani yanakaushwa, yanachachushwa, yanatunzwa muda mrefu, halafu fundi anazisokota kwa mkono moja moja. Ni ufundi wa kweli. Cohiba yenyewe ilianza mwaka 1966, ikitengenezwa kwa ajili ya Fidel Castro na wageni wa serikali. Na mwaka 1962 Rais Kennedy, kabla hajasaini marufuku ya bidhaa za Cuba, alimtuma kwanza msaidizi wake amtafutie siga. Akaletewa 1,200!

Sasa jiulize: hapo tumesifia nini? Udongo, mikono ya mafundi, na majina ya wakubwa. Nani kasema lolote kuhusu pafu la mtoto? Castro mwenyewe aliacha kuvuta mwaka 1985. Siga ilitengenezwa kwa ajili yake, akaiacha. Wewe wa hapa Mbagala unaianza?

3/6

Hoja ya kwanza ya kina baba: "Siga haivutwi mpaka ndani, moshi unaishia mdomoni."

Baba, nisikilize. Moshi wa siga una asili ya magadi kuliko wa sigara za kawaida, kwa hiyo nikotini inaingia mwilini kupitia ngozi laini ya mdomo, hata usipovuta ndani. Na mdomo wenyewe ndio unaoungua. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa ripoti nzima kuhusu siga mwaka 1998: anayevuta kila siku yuko kwenye hatari ya saratani ya mdomo, koo, umio na mapafu. Sigmund Freud, daktari mkubwa, aliipenda siga kuliko chakula. Alipasuliwa taya na mdomo zaidi ya mara 30 kwa sababu ya saratani.

Halafu tukubali kwamba wewe huvuti ndani. Mtoto wako je? Yeye hana namna ya kuishia mdomoni. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kichanga anapumua mara 40, 50, mpaka karibu 60. Kila moshi unaoutema, yeye anaumeza mapafuni.

4/6

Hoja ya pili: "Hii ni asili tupu, majani matupu, haina kemikali za kiwandani."

Hata uyoga wa sumu ni asili tupu, mbona hatuupiki? Ule uchachushaji unaosifiwa kwa kuleta ladha ndio huohuo unaoongeza kemikali za tumbaku zinazoleta saratani. Na kwa kuwa jani la nje ni zito, hewa haipiti vizuri, tumbaku inaungua nusunusu, inatoa lami na kaboni monoksaidi kwa wingi.

Sigara moja ya kawaida haifiki gramu 1 ya tumbaku. Siga kubwa moja inaweza kubeba tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na inaungua saa nzima au zaidi. Kwa hiyo shemeji akikwambia "nimevuta moja tu", elewa sebule yako imekula pakiti.

Hoja ya tatu: "Ni ghali, kitu ghali hakiwezi kuwa kibaya." Hii hata siijibu. Bei inakwambia mfuko wa mtu. Haikwambii kilichomo.

5/6

Sasa niseme langu, maana sitaki mnione mtakatifu.

Mwaka juzi dada yangu alijifungua. Arobaini ikafanywa nyumbani kwake, pilau, maturubai, kila kitu. Aliyelipa sehemu kubwa ni mdogo wake mume wake, ana hela, na alikuja na boksi la Cohiba lenye kifuniko cha kioo. Mvua ikashuka, wanaume wakaingia sebuleni. Wakawasha. Mtoto yuko chumba cha pili, mlango ni pazia.

Mimi, nesi mwenye stashahada, ninayefundisha kina mama kila siku wodini, nilikaa kimya. Niliona aibu. Kalipa turubai, nitamwambiaje atoke? Nilifungua dirisha moja, nikajidanganya nimefanya kitu.

Wiki tatu baadaye mtoto alilazwa, kifua kimembana, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, kawekewa oksijeni. Siwezi kusema ni moshi wa siku ile. Nimonia ina sababu nyingi na mimi si mwongo. Ila najua moshi wa tumbaku unamwongezea mtoto hatari ya nimonia, pumu, masikio kuuma, hata vifo vya ghafla usingizini. Nilijua vyote hivyo siku ile nikiwa nimeshika sahani ya pilau. Mtoto alipona, Alhamdulillah. Kimya changu bado kinanisuta.

Na lile boksi? Baadaye nikajifunza kwamba Cohiba halisi haziji kwenye boksi la kioo. Zilikuwa feki! Lakini usifarijike hapo. Hata zingekuwa halali, zimetoka Havana asubuhi ile, mapafu ya mtoto hayasomi lebo.

6/6

Kwa hiyo mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kama ni sifa ya ufundi, siga hizi zinayo. Sifa ya kuwa salama hazina hata kidogo, na sifa ya heshima ni ya kuazima kwa wenye majina.

Mwambie baba mtoto leo, kabla ya wageni, mkiwa wawili. Usimwaibishe mbele za watu. Mwambie, "Baba fulani, umempata mtoto, hiyo ndiyo heshima yako. Wagawie wageni tende, kahawa na halua." Akikataa kabisa, basi avutie nje, mbali na mlango na madirisha, anawe mikono na uso, abadilishe shati ndipo ambebe mtoto. Hiyo haimalizi hatari, inaipunguza tu. Dawa ni kuacha.

Na mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au mbavu zinaingia ndani, au anakataa kunyonya, usingoje asubuhi. Hospitali, sasa hivi.

Mashemeji mkinichukia, sawa. Nilishakaa kimya mara moja, inatosha.

Mpelekee mwenye arobaini karibuni. Usiku mwema, wabusuni watoto.