Rauta ni Yangu, Mlango ni Wao

Nakaa Port Reitz, mahali ambapo hata jina lenyewe ni la bandari. Lakini jamani, kufungua poti moja tu kwenye rauta ya nyumbani kulinishinda siku tatu nzima, na digrii ya kompyuta ninayo!

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba wangu ni baharia. Mbele ya nyumba yake hapa mtaani ana duka lenye kamera nne, na alitaka aweze kuziangalia akiwa safarini bila picha zake kuwekwa kwenye seva za watu asiowajua. Nikamwambia hilo ni dogo. Nikaweka WireGuard kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani, nikaipa anwani isiyobadilika, nikaingia kwenye rauta na kuielekezea poti 51820. Nikajaribu kwa simu kutoka nje: kimya.

Nikapiga simu kwa kampuni inayomuuzia intaneti. "Zima rauta, hesabu hadi kumi, uwashe tena." Nikazima. Siku ya pili, wimbo ni ule ule. Siku ya tatu nikatazama kitu nilichopaswa kutazama mwanzo: anwani ambayo rauta imepewa upande wa nje. Ilianza na 100.72. Nikacheka kwa uchungu.

Ndugu msomaji, anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti zinazowarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mafundi wanauita mpango huo CGNAT. Ni kama sanduku la posta la shule. Ukituma barua, jibu litakufikia kwa sababu karani anakumbuka nani aliandika. Lakini mgeni akiandika namba ya sanduku peke yake, karani hajui barua ni ya nani, anaitupa. Unaweza kuelekeza poti kwenye rauta yako mpaka uchoke. Mlango uliofungwa ni wa kampuni, na ufunguo hunao.

Najua utetezi wao. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya dunia yaligawiwa Februari 2011. AFRINIC, shirika la kule Mauritius linaloigawia Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020. Sawa, nakubali. Lakini IPv6 ilichapishwa mara ya kwanza Desemba 1995! Dawa iko tayari tangu wengine wetu tukiwa hatujazaliwa au tunanyonya.

Wengine watasema wanatulinda, wakikumbusha Mirai ya 2016, iliyoteka kamera na rauta nyingi kwa nywila za kiwandani. Ni kweli, usiifungulie dunia kamera yako moja kwa moja. Ndiyo maana nilifungua poti ya WireGuard peke yake, ambayo haimjibu asiye na ufunguo. Lakini ulinzi nisioulizwa wala kuambiwa ni kufungiwa tu.

Mwishowe nikakodi seva ndogo Ujerumani, kompyuta ya nyumbani ikawa ndiyo inayoipigia. Inafanya kazi. Ila sasa mjomba akiwa likizo, ameketi Magongo na simu yake, picha ya duka lake inakwenda Ulaya na kurudi, na nyaya za baharini kama SEACOM na TEAMS zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009! Na bili ya seva ni juu yake. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi nalipia intaneti au nalipia kuitazama kwa dirishani?" Sikuwa na jibu.

Ninachodai si anwani ya bure. Mteja aambiwe kabla ya kulipa kwamba yuko nyuma ya CGNAT. Bei ya anwani ya umma iandikwe wazi, asiambiwe tu "hamia kifurushi cha biashara". Na IPv6 iwashwe mpaka nyumbani, rauta imwachie mwenyewe aamue kipi kifunguliwe.

Wewe leo jioni fungua ukurasa wa rauta yako, tazama anwani ya nje, uilinganishe na ile ambayo tovuti za kuonyesha IP zinakuonyesha. Zikitofautiana, usizime rauta. Wapigie simu, uwaulize mlango wako uko wapi.